Mwanya wa Njiti Moja

Meno yangu mapya yalikuwa mazuri kupita kiasi, ndiyo maana niliyarudisha.

Kijana aliyeyatengeneza hakuwa na kosa. Alikuwa ameyapanga mstari mmoja kama watoto wa shule kwenye gwaride, hakuna aliyetangulia wala aliyebaki nyuma. Aliponivisha yalikaa vizuri, hayakunibana wala hayakunichoma. Akanishikia kioo kidogo. Nikamwona humo mama mmoja nadhifu, mwenye meno ya kutangazia dawa ya mswaki, ananitazama kama mtu anayetaka kuniuliza njia.

"Unaonaje, Bibi?"

"Mazuri, mwanangu," nikasema, maana kazi nzuri haitukanwi. "Mazuri mno."

Nikaenda nayo nyumbani.

Mume wangu alikuwa uani, amepindua baiskeli ya jirani, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Ni fundi baiskeli, na ingawa siku hizi macho yake yamechoka, masikio bado yanajua spoku iliyolegea iko wapi. Kila mtu nyumbani humwita Babu, hata mimi. Nikasimama mbele yake nikatabasamu. Akaniangalia, akafuta mikono kwenye kitambaa, akainuka kwa heshima.

"Karibu, mama. Mwenyewe ametoka. Keti hapo kwenye kiti chake umsubiri."

"Acha utani, wewe mzee."

"Utani gani? Mimi mke wangu namfahamu. Ana mwanya."

"Alikuwa nao."

"Basi huyo aliyekuwa nao ndiye ninayemsubiri," akasema, akarudi kwenye kigoda chake.

Nilicheka, naye akacheka. Lakini jioni ile, kila nilipofungua mdomo kucheka, macho yake yalikwenda pembeni, kama mtu aliyefungua mlango akakuta nyumba si yake. Hakutaka nione. Niliona.

Habari ya mwanya lazima niieleze, maana vijana wa sasa wanadhani ni jino lililosahau kuota. Siku zetu msichana alitazamwa vitu ambavyo leo hakuna anayevitazama. Shingo yenye pingili, mguu uliojaa chini ya goti, fizi nyeusi kama zambarau iliyoiva, na juu ya vyote mwanya katikati ya yale meno mawili ya mbele. Mguu uliweza kujazwa kwa kula. Mwanya haukuwa wa kula. Ulipewa au ulinyimwa. Wageni walipokuja nyumbani kuulizia binti, shangazi zangu hawakunituma kupika wala kufagia. Walinifinya ubavuni wakaninong'oneza: "Cheka."

Mimi nilipewa. Dada yangu mkubwa alinyimwa. Meno yake yalibanana kama punje kwenye gunzi la hindi, na mpaka leo yapo yote, hajapoteza hata moja, jambo ambalo hunikumbusha kila tukionana. Maisha yake yote amesema hakuwahi kuutamani mwanya. "Nyumba nzuri haiachwi na ufa," husema. Au: "Mwenzetu akiimba, maneno yanatoka nje kabla ya sauti." Mimi humwacha aseme. Ni dada yangu, amenibeba mgongoni. Jambo moja tu lilinishangaza tukiwa wasichana. Asubuhi moja aliamka fizi imevimba, mdomo wa juu umetangulia mbele kama kibaraza. Akamwambia mama ameumwa na nyuki. Mama, maskini, alishinda siku nzima na ufagio akimtafuta nyuki huyo chumbani kwetu, chini ya vitanda, nyuma ya sanduku. Hakumpata.

Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Kabla sijautia uzi kwenye tundu la sindano, niliupitisha kwanza kwenye mwanya, nikauvuta taratibu, ukatoka umelowa na kunyooka. Babu, wakati huo kijana, alikuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara. Anasema siku aliyoniona nikiuvuta ule uzi, spana ilimdondokea mguuni. Tangu hapo shati lake likawa linapasuka. Sijaona shati lililopasuka kama lile. Alilileta, akasimama, akangoja nifike kwenye uzi. Na tangu hapo jina langu kwake ni Mwanya: mbele ya watoto, mbele ya wakwe, hata mbele ya wauguzi.

Kisha uzee ukafanya kazi yake. Jino moja la mbele lilianza kutikisika, jirani yake akalisindikiza, na mengine ya juu yakaona hakuna sababu ya kubaki. Ya chini yalibaki peke yao, kama askari ambao hawajaambiwa kwamba vita vimekwisha. Nikawa kibogoyo. Nilikula uji na ndizi za kuponda, na nikicheka nilifunika mdomo kwa mkono. Babu naye akaacha karanga za kukaanga, ambazo zamani mfukoni mwake hazikukosekana. Akasema gego linamsumbua. Tukawa tunakunywa uji pamoja, yeye kwa kijiko chake, mimi kwa changu.

Tunaishi na mjukuu wetu, binti wa binti yetu. Tulimpa jina la utani Kengele tangu akiwa mdogo, kwa ajili ya kicheko chake. Alikuwa akicheka chumbani, jirani anatabasamu jikoni kwake. Anafanya kazi kwenye duka la mapazia, huenda majumbani mwa watu kupima madirisha. Ana mwanya wangu. Ulipita kwa mama yake bila kutua, ukaja kukaa kwake. Chini ana jino moja lililomwegemea mwenzake kama mlevi. Hilo amelitoa kwingine.

Mwenye duka aliwapiga picha wafanyakazi wake, akaiweka mtandaoni wateja waone. Kengele alikuwa katikati, anacheka, ameshika pazia la kijani. Mtu mmoja asiye na kazi akaandika chini yake: "Dada unauza mapazia, mbona hapo mdomoni hujatundika?" Wengine wakaja kucheka kwa zile sura ndogo za njano. Kengele alinionyesha huku akijifanya kucheka na yeye. Kuanzia siku ile akawa anafunika mdomo.

Basi ikawa mimi nafunika, naye anafunika. Jioni moja mezani Babu akatutazama kwa zamu.

"Humu ndani kila mtu anapiga miayo," akasema, "au ni macho yangu?"

Kengele ndiye aliyenipeleka kliniki ya meno. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa na lake pale: alikuwa ameshapewa siku ya kufungwa waya, ili mwanya uzibwe. Mdomo ni wake. Na njia nzima alikuwa amenishika mkono, akizifupisha hatua zake ndefu zilingane na zangu, huku akijifanya anakagua madirisha ya watu ili nisione kwamba ananisubiri mimi.

Sasa kesho yake, baada ya Babu kunikaribisha kama mgeni, Dada alikuja kuyaona meno. Akaniambia nifungue mdomo, akavaa miwani.

"Mm," akasema.

"Mm nini?"

"Unafanana na sinia."

"Si wewe uliyesema nyumba nzuri haiachwi na ufa?"

"Nyumba, ndiyo. Nimesema wewe ni nyumba?" Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Karudishe. Nimezoea kukucheka. Sasa nikucheke nini?"

Alipoondoka nilichukua shati la Babu lililodondoka kifungo. Nikapeleka uzi mdomoni kama nilivyozoea, ukagonga ukuta. Nikajaribu upande mwingine, ukuta. Nikabaki nimeushika ule uzi kama mtu aliyebisha hodi kwake mwenyewe akaambiwa hajulikani. Hapo ndipo nilipokata shauri.

Kengele alishangaa. "Bibi, yanakuuma?"

"Hayaniumi."

"Yanacheza?"

"Yametulia kabisa."

"Sasa tatizo nini?"

"Si mimi."

Akachukua mkoba wangu, tukaenda.

Chumba cha fundi wa meno kiko nyuma ya kliniki. Kina rafu zilizojaa vinywa vya plasta, vimeachama vyote kama watu waliosikia habari ya ajabu kwa pamoja. Mezani kuna taa ndogo ya kuyeyushia nta na visu vyembamba kuliko vidole. Fundi mwenyewe ni kijana mwembamba, mwenye vumbi la plasta hadi kwenye nyusi. Mwanzoni nilikuwa nikimwita daktari, akanisahihisha: daktari ni yule mama wa chumba cha mbele, anayeng'oa na kufunga waya, yeye ni fundi.

"Shikamoo, Bibi. Yamekuumiza?"

"Marahaba, mwanangu. Hayajaniumiza. Umesahau mwanya wangu."

Akanitazama. "Mwanya?"

"Hapa." Nikamwonyesha kwa kidole.

"Bibi, watu huja hapa kuziba mwanya."

"Nami nimekuja kuufungua."

"Nikiacha nafasi, watu watasema fundi amekosea kupanga."

"Waambie aliyekosea ni mimi, tangu nilipozaliwa."

Akacheka, kisha akakuna kichwa, vumbi likamwanguka mabegani. "Nikuambie kweli, Bibi. Nilipoangalia umbo la fizi zako niliona palikuwa na nafasi. Nikasema huyu mama amehangaika na hili pengo maisha yake yote, ngoja nimsaidie."

Ningemkasirikiaje? Alikuwa amenifanyia wema kamili, ila alikuwa amemfanyia mtu mwingine.

"Ulikuwa na upana gani?" akauliza. "Una picha?"

Picha ninazo. Ninayo ya harusi, ninayo nikiwa na mtoto wa kwanza, na wa pili. Lakini siku zetu mtu hakucheka mbele ya kamera. Alisimama kama yuko mbele ya hakimu. Picha zote hizo nimefunga mdomo. Mwanya uliokuwa ukisifiwa mtaa mzima haukupigwa picha hata mara moja.

"Sasa nitajuaje?" fundi akasema.

Sikuwa nimepanga. Kengele alikuwa kwenye stuli karibu na mlango, anatucheka, mkono mdomoni.

"Kama wa huyu," nikasema.

"Bibi!"

"Nimesema uongo?"

"Bibi, mimi Alhamisi nafungwa waya!"

Fundi akaeleza kwa upole kwamba waya zikishafungwa, meno yataanza kusogea. Ingebidi achukue chapa ya mdomo wake kwanza, tena awe anarudia kumpima mpaka yangu yakamilike.

"Kwa hiyo waya zangu zisubiri?"

"Kidogo tu."

Kengele akanitazama. Mimi nikatazama rafu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, na nilijua aliingoja Alhamisi ile kama mtu anavyongoja mvua. Nikafungua mdomo kumwambia tuache, nitazoea. Hakungoja niseme.

"Haya," akasema, akashusha pumzi. "Lakini ujue, Bibi, unaazima mdomo wangu."

"Nitaurudisha mzima."

Fundi akakanda kitu cha rangi ya waridi, kama unga uliotiwa maji, akakijaza kwenye kijiko kipana, akamwambia aachame. Ilikuwa muda mrefu sijamwona amefungua mdomo wake mbele ya mtu. Mate yalimtoka, machozi pia, nikampangusa kidevu kama alipokuwa mdogo. Fundi akaitoa ile chapa, akaigeuza mwangani.

"Safi sana," akasema. "Sijawahi kupata nzuri hivi."

"Unasifu chapa au mdomo?" nikauliza.

Akaanza kukoroga plasta kwa nguvu zote. Kengele akanikanyaga mguu.

Baadaye tukaitwa kuyajaribu meno yakiwa bado kwenye nta. Kwenye nta jino linaweza kusogezwa kwa ncha ya kisu. Likishakuwa gumu, limekwisha, hata ulie. Kengele alinisindikiza, na nilimchukua Babu pia, kwa sababu hakuna mtu aliyeutazama mwanya ule kwa muda mrefu kama yeye. Dada alikuja kwa sababu hakualikwa.

Nikavishwa. "Tabasamu, Bibi," fundi akasema. Wakanisogelea wote mpaka nikasikia pumzi zao.

"Wa mjukuu ni mwembamba kidogo kuliko wake," Babu akasema. "Ongeza. Ulikuwa unapita punje ya mahindi."

"Punje ya mahindi!" Dada akaruka. "Shemeji, ukipenda, chongo huita kengeza. Ulikuwa unapita punje ya mtama. Tena mtama wa mwaka wa njaa."

"Mwaka wa njaa, Dada? Hebu uheshimu mwanya wangu."

"Wewe usiseme, utabomoka."

Fundi akasogeza jino. "Hapa, Babu?"

"Bado."

Akasogeza, akamgeukia Dada. "Bibi Mkubwa, hapa?"

"Umepita. Rudi. Rudi. Umerudi sana."

Nikatoa uzi wangu mkobani, nikaupitisha. Ukapita kwenye mwanya wa Babu, ukapita na kwenye wa Dada. Uzi hauna ubishi na mtu. Nta ikaanza kulainika kwa joto la vidole. Jasho lilikuwa limemtoka fundi puani, likachora njia kwenye vumbi la plasta.

"Wazee wangu," akasema, "nawaheshimu sana. Lakini nta hii ikisogezwa tena haitashika. Nipeni kipimo kimoja tu. Kuna mtu anayejua?"

Babu akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimenyamaza tangu nilipoambiwa. Mtu haujui mwanya wake kwa vipimo. Anaujua kwa ulimi, na ulimi hauwezi kumwambia fundi. Nikaona basi, nitapewa mwanya wa kubahatisha, na kila nikicheka Babu atatazama pembeni, safari hii kidogo tu.

Dada alikuwa amegeukia dirishani. "Nipe kiberiti," akasema.

Fundi akampa kile cha kuwashia taa yake. Dada akatoa njiti moja, akavunja kichwa chake, akampa.

"Ipite bila kulazimishwa, wala isicheze. Hapo ndipo."

"Umejuaje, Bibi Mkubwa?" Kengele akauliza.

Dada akajitengeneza mtandio begani, kushoto, kisha kulia. "Huyu alikuwa akilala anaachama kama mlango wa banda la kuku. Nikapima. Njiti moja. Kisha nikatia na mimi, nikaigandamiza hapa mbele kwa kidole, nikalala nayo."

Kisu cha fundi kilikuwa kimesimama hewani. "Ukaupata?"

"Nilipata jipu."

"Nyuki!" nikapiga kelele, na meno ya nta yakaniangukia mapajani. "Dada! Yule nyuki!"

"Nyuki gani?"

"Mama alishinda siku nzima na ufagio!"

"Nilimhurumia sana," Dada akasema. "Lakini ningemwambia nini? Kwamba nalala na kiberiti mdomoni ili nifanane na mdogo wangu?"

Hapo Kengele alikuwa hajiwezi kwa kucheka. Alikuwa ameinama kwenye stuli, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, na kwa kuwa mikono ilikuwa tumboni, mdomoni hapakuwa na mkono. Kile kicheko chake cha zamani kilijaa chumba kile, vinywa vya plasta vikaonekana kama vinacheka naye. Kila akijaribu kunyamaza alimtazama Dada, akaanza upya. "Ulitaka huu?" akawa anauliza, kidole kwenye meno yake. "Bibi Mkubwa, ulitaka huu huu?"

"Wa kwake," Dada akasema kwa hasira. "Wako ulikuwa haujazaliwa."

Daktari akaja mbio kutoka chumba cha mbele, glavu mkononi. "Kuna nini huku?"

"Tunapima," fundi akajibu.

Babu naye alikuwa anacheka, kinywa wazi. Daktari akamwinamia, kwa mazoea ya kazi tu. "Babu, hongera! Meno yako mazima kabisa. Hata gego bovu huna."

Babu akafunga mdomo.

Nikamtazama. Nikaukumbuka uji ule wote, asubuhi na jioni, vijiko viwili.

"Gego linakusumbua, ee?"

"Limepona," akasema, akaokota nta yangu iliyokuwa imeniangukia, akaipuliza vumbi, akampa fundi.

Njiti ilipita. Bila kulazimishwa, bila kucheza.

Siku niliyokabidhiwa meno yaliyokamilika nilimkuta Babu palepale uani, na baiskeli nyingine. Nikasimama mbele yake nikatabasamu. Safari hii hakuinuka. Aliniangalia kwa muda, na macho yake hayakwenda popote.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" akasema. "Kuna mama mmoja alikuja kukuulizia. Alikuwa na meno mazuri sana."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia nina mke." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karanga zilizofungwa kwenye karatasi, akaniwekea kiganjani.

Waya za Kengele zikapangiwa siku nyingine. Asubuhi hiyo alivaa, akaja kuniuliza kama kola imekaa sawa, nikamwambia imekaa. Akangoja kidogo mlangoni. Nikamwambia asisahau mwavuli. Akaenda.

Nikaketi barazani na kile kifungo cha shati la Babu. Dada akatokea, akasema alikuwa anapita tu. Nyumba yake iko upande mwingine kabisa.

"Umemkataza?" akauliza.

"Sikumkataza."

"Ungemkataza."

"Wewe ulipotia njiti, kama mtu angekukataza, ungesikia?"

Dada akafikiri. "Ningetia mbili," akasema.

Tukakaa. Nilishona kile kifungo, nikakifumua kwa kuwa nilikishona upande usio wake, nikaanza tena. Ndipo tukamwona Kengele anakuja, mwavuli kwapani, mkono mdomoni. Sindano yangu ikasimama. Dada akanishika goti, jambo ambalo hajalifanya tangu tumzike mama.

Kengele akasimama mbele yetu, akaushusha mkono.

Waya zilikuwa chini, kwenye meno ya chini tu, zinang'aa kama spoku mpya. Juu, mwanya ulikuwa palepale.

"Hili la chini ni mlevi, Bibi, hilo hata wewe unajua," akasema. "Daktari akaniuliza, na ya juu je? Nikamwambia ya juu nimemwazima Bibi, hajayarudisha."

Nikachukua uzi mpya. Nikaupitisha kwenye mwanya, nikauvuta taratibu, ukatoka umenyooka.

"Na yule wa mtandaoni?" Dada akauliza. "Yule wa pazia."

"Nimemjibu leo. Nimemwambia aje dukani, nitampimia la mdomo wake. Kwa ule ukubwa itabidi tuunge vitambaa viwili."

Akacheka, na jirani akachungulia kutoka jikoni kwake. Dada alimtazama Kengele, akanitazama mimi, akamtazama tena Kengele.

"Yule fundi nilimuuliza," akasema polepole. "Kama anaweza kunitengenezea na mimi. Yenye njiti moja."

"Akasemaje?"

"Eti meno yangu mazima. Eti nisubiri yang'oke." Akasukuma la mbele kwa ulimi, kisha la pili, akaguna. "Hata halitikisiki."

Babu alikuwa ametusikia kutoka uani. Akaja, akafungua karatasi yake mbele ya Dada.

"Shemeji, karibu karanga," akasema. "Nimekuchagulia zile ngumu."

Dada akachota konzi nzima.